Maneno ya Mjane wa Uswidi

Al Hail, Maskati
Ijumaa, Machi 1998

Kwa kaka yangu Seif,

Shikamoo kaka. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakupa salamu kamili, sikuipunguza, ingawa wewe katika barua yako ulinipa nusu. Natumai u mzima, vidonda vya tumbo vimetulia, na wifi Maryam goti halimsumbui tena akipanda ngazi. Mwanangu Rahma najua hajambo kwa sababu analelewa na wewe, na nyumbani kwako mtoto hakohoi mara mbili bila kupelekwa hospitali. Kwa hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini, hata leo ambapo nimekukasirikia. Mimi huku sijambo. Joto halijaanza kuuma, mbu wa pwani ya Hail wananijua kwa jina, na Bi Zuwena, binamu ya marehemu mama yetu ninayekaa kwake, anakusalimu na anakuuliza swali moja: ni nani katika Unguja nzima aliyekushauri umtumie mtu halua Maskati, kwenye asili ya halua?

Halua imefika hata hivyo, na tumeila, kwa sababu cha ndugu hakirudishwi. Barua yako iliwekwa chini ya halua, ikalowa samli kuanzia pale ulipoandika "ndugu yangu" mpaka pale ulipoandika "aibu". Maneno mengine yote yalisomeka vizuri sana.

Umeandika kwamba umepigiwa simu na Hamed, uliyesoma naye chuoni, akakwambia kila Alhamisi nakusanya wake za watu nyumbani kwa Bi Zuwena na kuwaonyesha sinema za Kizungu. Kwamba sinema moja imemfundisha Salma, mjane wa marehemu nduguye Hamed, kumkaidi shemeji yake mbele ya watu. Kwamba ndani ya sinema hiyo kuna kipande kibaya ambacho tumekikata na kukificha. Ukaniamuru niichome kanda, niende kwa Hamed nikaombe msamaha na Bi Zuwena awe shahidi, na mpaka utakaposikia nimefanya hivyo, pasi ya kusafiria ya Rahma itakaa kabatini mwako na yeye hatapanda ndege. Viza yake umeiona, kaka. Umebaki mwezi mmoja na siku chache. Nafasi ya shule niliitafuta mwaka mzima. Miaka mitano sijalala chumba kimoja na mwanangu, na wewe ulikuwa ukilijua hilo ulipokuwa ukifunga kabati.

Basi jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini. Kanda siichomi na kwa Hamed siendi. Sasa tulia nikwambie yaliyotokea, maana hayo uliyoyasikia umeyasikia kwa mtu aliyekuwa nje ya mlango.

Nianze na hizo Alhamisi, ambazo wewe umeziita mikutano. Unazikumbuka Jumapili za Mama? Onyesho la alasiri la wanawake peke yao, Mama kavaa buibui lake la kutokea, karanga kazifunga kwenye ncha ya kanga, mimi kanishika mkono kama mtu anayeogopa kuibiwa. Na unazikumbuka Jumatatu? Wale ambao waume zao hawakuwapa ruhusa, au walikuwa na mtoto mchanga, walikuja uwani kwetu na kazi zao za mikono, na Mama akawasimulia picha nzima tangu mwanzo huku akichagua mchele. Picha za Kihindi, picha za Kimisri. Kihindi cha Mama kilikuwa cha kuulizia bei ya kitambaa dukani, hakikuzidi hapo, lakini mtu wake wa kwenye picha hakukosa la kusema hata siku moja. Alimtia maneno mdomoni mwenyewe, na wanawake walilia kwa maneno ya Mama wakidhani wanalia kwa maneno ya Bombay. Na wewe Jumatatu ulikuwa huendi mpirani. Ulikuwa ukitengeneza baiskeli pale ukutani, baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Basi Alhamisi zetu ndizo hizo hizo, isipokuwa sasa kuna deki na televisheni. Tunakuwa wanawake sita au saba, baada ya sala ya alasiri, kahawa na tende katikati, mlango umerudishwa. Wengi ni watu wa makamo waliotoka Unguja na bara wakiwa wasichana. Macho ya kusoma Msahafu wanayo, ya kufuata maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya picha hawana. Kwa hiyo mimi nasimama pembeni ya televisheni na kusema. Nafanya kazi ya Mama. Sikuomba ruhusa ya mtu kuirithi, na sikujua kama ilikuwa na mrithi mwingine anayeitaka.

Kanda ya Uswidi ilikuja hivi. Unajua nauza spea pale Wattaya, duka lililo nyuma ya maonyesho ya magari, mwanamke peke yangu kaunta nzima. Siku moja akaja mwanamke wa Kiswidi, jina lake Karin, mumewe ni injinia wa umeme na wanakaa Khuwair ya Kusini. Alitaka pampu ya maji ya gari lao, na pampu ikabidi iagizwe kwa meli. Wiki tano mfululizo alikuja kuulizia pampu, na wiki tano nilimjibu bado. Mwingine angetutukana. Yeye alivuta kigoda akanywa chai yangu ya tangawizi. Wiki ya tatu nikamhadithia Alhamisi zetu, wiki ya nne akaja na kanda mfukoni. Akasema, "Hii ni filamu ya zamani ya kwetu, haina rangi na haina muziki. Kama wanawake wako wataivumilia, nitafurahi."

Akanipa na habari za aliyeiongoza, nami nakupa wewe, kwa sababu umemwita mtu huyo mharibifu bila kumjua. Ni mtoto wa fundi viatu kutoka mji mdogo wa kaskazini. Alianza kazi kwa kupaka rangi mapazia ya ukumbi wa michezo, baadaye akatengeneza picha za kuchekesha, za wanaume kutumbukia majini na wake zao kuwafumania. Watu walicheka, na wenye kumiliki sinema wakampenda. Alipofika miaka arubaini akasema amechoka kuwachekesha, sasa anataka kuwaonyesha mwanamke mmoja jikoni kwake. Hapo wakamcheka yeye.

Hiyo filamu kuisimulia ni fupi. Mwanamke kafiwa na mumewe. Nje ni theluji tupu. Jikoni mna meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, inayumba tangu mwanzo wa picha, kila akiweka kikombe kinateleza. Wanakuja mashemeji watatu na karatasi. Atie sahihi, nyumba waiangalie wao, yeye akakae kwa dada yake. Wanazungumza na kuzungumza. Yeye anawakatia mkate. Dakika saba nzima, nimezipima kwa saa ya ukutani ya Bi Zuwena, mwanamke hasemi kitu. Anakata mkate, anapaka siagi, anampa kila mmoja kipande chake. Mwisho anaichukua ile karatasi, anaikunja mara nne, anainama, anaipachika chini ya ule mguu mfupi. Meza inatulia. Anakaa kitini kwake, na picha inakwisha.

Huo ndio uchafu wenyewe, kaka. Hakuna anayembusu mtu. Hakuna goti linaloonekana, maana kwa baridi ile wamevaa sufu juu ya sufu na vichwani wana vitambaa. Bi Zuwena alisema wanawake wale wamejisitiri kuliko binti zake.

Wenye kutoa fedha walipoiona walimwambia yule mwongozaji, mwache mwanamke aseme japo neno moja, watazamaji watajuaje anafikiri nini? Hata mwigizaji mwenyewe alimlilia ampe sentensi moja tu. Akamwambia, "Sema kwa kisu." Akakataa kuongeza, akakataa na kupunguza. Filamu ikatoka, watu wakapiga miayo, gazeti likaandika kwamba mtoto wa fundi viatu arudi kwenye viatu. Akanyimwa kazi. Miaka sita akafundisha watoto wa shule kuchora, akienda kazini kwa baiskeli kwenye barafu. Kisha kuna mtu akaichukua filamu ile akaipeleka nchi nyingine, na kule karatasi ilipoingia chini ya mguu wa meza ukumbi mzima ukasimama. Wale wale waliomfukuza wakamtafuta kwa simu. Alirudi, akatengeneza nyingine tisa, zote za watu wa kawaida na majiko yao, na hakuna hata moja aliyokubali itiwe mkasi wa mtu. Hivi sasa ni mzee, macho yake hayaoni tena, anakaa ghorofa ya tatu na redio yake. Mimi nilipoyasikia hayo nilimpenda mtu yule, nakwambia kweli, bila hata kuijua sura yake.

Sasa sikia kosa langu, kwa sababu kosa ninalo, ila si hilo ulilonipa wewe.

Alhamisi ile walikuja wote, na Salma alikuwemo. Salma alikuwa ametoka eda hazijapita wiki tatu, ana watoto wawili wa kiume, mkubwa hajaanza shule. Tukaweka kanda. Nikasimulia kama kawaida, mashemeji wakaingia na karatasi, wakakaa, wakaanza kusema yao, nami nikayatia Kiswahili. Kisha mwanamke akachukua kisu na mkate, nami nikanyamaza, kwa sababu hakusema kitu.

Bi Zuwena akaniuliza, "Anasema n'ni?"

"Hasemi kitu, Bi Zuwena."

"Vipi hasemi kitu? Watu washakaa kitako wanamtaka nyumba yake!"

"Anakata mkate tu."

"Hebu niondokee. Mtu anatolewa nyumbani kwake, akae kimya kama mtungi? Wee Kiswidi ndo hukijui, sema hukijui!"

Nikajitetea kwamba maandishi ya Kiingereza hayapo, hivyo kama hayapo basi hakuna aliyesema. Wote wakanijia juu. Mmoja akasema hayo maandishi wanayaandika wanaume, ndiyo maana ya mwanamke hayakuandikwa. Salma peke yake hakuwa akipiga kelele. Alikuwa ameishika pembe ya mto, macho yako kwenye televisheni, akaniuliza polepole kabisa, "Ukht Asya, yaani huyu nyumba anawapa?"

Kaka, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimtazama Salma na sikuweza kumwambia subiri uone karatasi inakwenda wapi. Nikafungua mdomo. Nikampa mjane wa Uswidi maneno, na sikuyatunga, yalikuja yenyewe kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi tangu chuoni. Niliyasema huku yule mwanamke akipaka siagi, na yakakaa sawasawa na mkono wake. Karatasi ilipoingia chini ya mguu wa meza chumba kizima kilikuwa kinalia, na Bi Zuwena akanitupia jicho ambalo siku ile sikulielewa.

Ni maneno gani? Hamed hakukwambia, najua hakukwambia, na mimi sikwambii bado.

Siku mbili baadaye Hamed alikwenda kwa Salma na karatasi. Si ya sinema, ya kweli, na kalamu juu yake. Alitaka Salma aandike kwamba nyumba anamkabidhi Hamed aisimamie kwa niaba ya watoto, yeye arudi kwa wazee wake. Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Unajua kwamba nyumba ile ni ya wale watoto na mama yao, na Hamed pale hana hata tofali la choo. Salma akamwekea kahawa na tende. Akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akamwambia maneno yale yale, neno kwa neno, mbele ya dada zake Hamed wawili. Hamed akashtuka, kwa sababu Salma ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Akamuuliza, "Maneno haya umeyatoa wapi?"

Mwingine angesema yametoka moyoni mwake. Salma ni mkweli, hajui njia nyingine. Akamjibu, "Kwenye sinema ya Kiswidi."

Jioni ile ile Hamed alikuwa mlangoni kwa Bi Zuwena, anataka aoneshwe kanda. Nilikuwa sijarudi kutoka kazini, yote haya nilihadithiwa. Bi Zuwena akamkaribisha, akamkalisha kwenye majlisi, akamtilia kanda kwenye deki mwenyewe. Hamed akaitazama filamu nzima, kaka. Watu walipofika mezani Hamed akasogea mpaka pua inakaribia kioo. Mkate ukakatwa, siagi ikapakwa, karatasi ikakunjwa, meza ikatulia, kimya.

"Wapi anaposema?" akauliza.

"Ndo hapo, mwanangu," Bi Zuwena akamwambia. "Ushapita."

Hamed akamwomba airudishe. Akairudisha. Akaitazama mara ya pili, akaondoka akisema tumekikata kipande, na mtu hakati kipande ila kina ubaya. Hicho ndicho kipande kilichofika kwako Unguja kwa simu. Umeninyima mwanangu kwa sababu ya kipande ambacho hakikuwahi kuwapo duniani.

Nilipofika nyumbani na kuambiwa hayo nilikaa chini hata buibui sijavua. Si kwa kumwogopa Hamed. Niliona haya. Mtu amekaa miaka sita hana kazi, anachora na watoto kwenye barafu, kwa ajili ya kuulinda ukimya wa yule mwanamke, nami Hail nimeuvunja kwa pumzi moja. Nikawaita wanawake wote Alhamisi iliyofuata nikawaambia ukweli: mjane wa Uswidi hakusema kitu, mimi ndiye niliyesema. Nilidhani watanitukana. Bi Zuwena akanijibu huku akimimina kahawa, "Kwani mie kipofu? Mdomo wake n'liuona umefumba. Na maneno n'liyajua ya nani tangu ulipoyaanza. N'likuwepo, Asya. N'likuwa nimekaa pale pale, upande wa dirishani."

Karin aliondoka mwezi uliopita, mkataba wa mumewe ulikwisha. Alipokuja dukani kuniaga nilimwambia yote na nikataka kumrudishia kanda yake. Alikaa kwenye kigoda kile kile, chai yangu hakuigusa, nikajua amekasirika. Kisha akaniomba nimwambie maneno yenyewe kwa Kiingereza. Nikamwambia. Akafuta macho kwa ncha ya mkono wa blauzi. "Yule mzee angekasirika sana," akasema. "Halafu angeomba anwani ya mama yako." Kanda akaniachia iwe yangu moja kwa moja, na ndiyo hiyo unayoniambia niichome.

Sasa nakupa hayo maneno, kaka Seif. Yasome umekaa.

Baba alipokufa, siku tatu baada ya Mama kutoka eda, Ami Khalfan alikuja kwetu Mkunazini na wenzake wawili na karatasi. Bi Zuwena alikuwa amekuja kututazama kabla hajasafiri. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimekaa mkekani nimeegemea goti la Mama. Wewe ulikuwa na kumi na miwili, uko nyuma ya mlango wa chumba. Wakataka atie dole gumba, nyumba aishike Ami mpaka watoto wakue, Mama akakae kwao shamba. Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Hakusimama. Aliwaacha waseme mpaka wakakauka, kisha akawaambia, na vidole vyake havikuacha kuchagua mchele:

"Nyumba hii mume wangu kawaachia wanawe, hakuwaachia nduguze. Mkitaka kula, chakula kipo. Mkitaka kulala, mkeka upo. Mkitaka nyumba, nisubirini nife, na nikishakufa mje mbishe hodi kwa wanangu."

Ami Khalfan aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Walipotoka, wewe ulitoka nyuma ya mlango. Ulikaa upande wa pili wa ungo ukaanza kuchagua mchele na Mama, chuya unaziacha, mchele mzima unautupa, na Mama hakukwambia kitu.

Hayo ndiyo maneno ya Kizungu yaliyomharibu Salma. Hayakutoka Uswidi. Yametoka kwenye ukumbi unaopita wewe kila asubuhi ukienda msikitini. Umelala chini ya maneno hayo miaka ishirini na saba, umeolea ndani yake, umezalia ndani yake, na chumba lilimo kabati ulilofungia pasi ya Rahma ni chumba cha Mama. Lau Mama siku ile angekwenda kuomba msamaha kwa kila aliyemwita mkaidi, leo kabati hilo lingekuwa la watoto wa Ami Khalfan. Na mimi ndiye unayeniambia nione aibu! Aibu ninayo, na msamaha nitamwomba mtu mmoja tu, naye ni yule mzee asiyeona, kwa kumsemea mwanamke wake aliyejua kunyamaza. Karin ameahidi kumfikishia barua. Hamed hana barua kwangu.

Salma bado yuko nyumbani kwake. Juzi alipaka rangi mlango wa nje, kijani, akaniletea mikono nione rangi iliyomganda kwenye kucha. Alhamisi tunaendelea, na wiki iliyopita walikuja wanawake kumi na mmoja, ikabidi tutoe viti vya nje. Ile ya Uswidi wameniomba niiweke tena, na safari hii niliposema nitasimulia, Bi Zuwena akasema hapana, mwacheni bibi wa watu akate mkate wake. Tukakaa kimya dakika zote saba. Hujawahi kusikia wanawake kumi na mmoja wa kwetu wamenyamaza pamoja, wala mimi sikuwahi.

Mpe salamu wifi Maryam, na mwambie mafuta ya goti nimempa Bi Thuwayba, yule jirani yetu aliyeniletea barua yako, anarudi mwezi huu. Nisalimie shangazi wa Pemba akija kutibiwa meno, na mwalimu wa Rahma wa hesabu, aliyenivumilia kwa simu zangu. Bibi aliyekuwa akinisuka nywele, mama wa jirani, kama bado yu hai mbusu mkono kwa niaba yangu. Rahma mwambie kitanda chake nimekiweka dirishani, kama alivyotaka.

Kaka, nakupenda, na hasira zangu haziwezi kulifuta hilo. Umemlea mwanangu kama ulivyonilea mimi. Lakini Alhamisi ya pili ya mwezi ujao mimi nitakuwa uwanja wa ndege wa Seeb, na sitakuwa na wanawake wala kanda, nitakuwa peke yangu. Rahma akitoka na pasi yake mkononi, barua hii ichane, na tutakuwa kama hatukuandikiana. Asipotoka, nitachukua likizo nije mwenyewe. Sitakuja kugombana. Nitapiga hodi, nitamwamkia wifi, nitakaa pale ukumbini mahali pa Mama, na nitaomba ungo na mchele. Wewe utasema. Utasema yote uliyonayo, mpaka ukauke.

Na mimi safari hii sitasema kitu.

Mdogo wako,
Asya